Igizo la nyimbo kuhusu mapenzi na utengano baada ya vita: mwongozo kamili kwa vikundi vya Dodoma

Kwaya, vikundi vya vyuo na vikundi vya mitaani vinalijaribu sana igizo la aina hii, na vingi vinakwama mahali palepale. Onesho linaanza kwa milio ya bunduki. Nusu saa nzima watu wanakimbizana na kuanguka jukwaani. Kisha mpenzi anaondoka, wimbo. Mpenzi anarudi, wimbo mwingine. Makofi yanapigwa kwa sababu sauti ni nzuri. Ukimuuliza mtu anayetoka mlangoni hadithi ilihusu nini, anakujibu: "Vita."

Wapenzi wenyewe hawakuonekana. Sauti zipo, bidii ipo, mara nyingi hata fedha kidogo ipo. Kinachokosekana ni mambo mawili: uzito wa hadithi uanze pale risasi zinaponyamaza, na kila wimbo ubadilishe kitu kati ya wale wawili. Hatua zote hapa chini zinajengwa juu ya hayo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, nilioubuni kwa ajili ya mwongozo huu, ili uone kazi inavyofanyika.

## Mahitaji kabla hujaanza

Watu. Waigizaji wanaoimba 14 hadi 20: wawili wakuu, wanne au watano wa familia na majirani, na waliobaki ni kundi litakalokuwa kijiji, abiria wa treni na waliorudi vitani. Mbali na hao, mwongozaji, mwalimu wa nyimbo, na mtu wa kushika mswada wakati wa mazoezi. Usimpe mtu mmoja kazi hizo tatu. Mwalimu wa nyimbo akiwa ndiye mwongozaji, masikio yake yatafuata noti na macho yake hayataona kwamba mhusika mkuu ameigeuzia hadhira mgongo.

Wapigaji. Ngoma mbili au tatu, zeze, marimba ya mkono, filimbi, na kinanda kimoja au gitaa moja. Wakikosekana wa zeze na marimba, ngoma na sauti za watu zinatosha.

Vitu vya jukwaani. Mtungi wa udongo, benchi mbili, kamba ya kuanikia na khanga chache, redio ya betri ya zamani, mkoba wa turubai, bahasha na karatasi za barua. Hakuna bunduki katika orodha hii, na sababu utaiona katika hatua ya 6.

Sauti na umeme. Spika mbili, mikisa ndogo, maiki nne, waya wa kurefushia umeme, na jenereta ya akiba yenye mafuta. Uwe na vipande vya sponji vya kufunika maiki.

Muda. Wiki 10 za mazoezi, mara tatu kwa wiki, baada ya mswada kukamilika. Kuandika mswada na nyimbo kuhesabie pembeni, si chini ya mwezi.

## Hatua ya 1: Chagua vita vimoja, mwaka mmoja, kijiji kimoja

"Vita" visivyo na jina vinazaa wahusika wasio na jina. Mtazamaji wa Dodoma akijua ni mwaka gani na ni wapi, anakujazia mengi mwenyewe: bei ya sukari, mavazi, nani alikuwa na redio.

Mfano wetu unatumia Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Hapo ndipo waandishi wengi wanapofunga daftari, wakati jambo lenye manufaa kwetu ndiyo kwanza linaanza. Baadhi ya wanajeshi wa Tanzania walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Kwa maneno mengine, vita vimekwisha, redio imetangaza, jirani amerudi, lakini wako hajarudi na hakuna anayekueleza kwa nini. Huo ni utengano ambao adui hahusiki nao tena.

Kijiji chetu tumekiweka upande wa Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma. Kimepangwa kwa safu za nyumba, kama vilivyopangwa vijiji vingi vya mkoa huu wakati wa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Balozi wa nyumba kumi ndiye anayeleta habari. Njia ya kwenda vitani ni treni ya Reli ya Kati hadi Tabora, kisha Mwanza, kisha meli ya kuvuka ziwa hadi Bukoba. Mambo haya matatu tu, yaani safu ya nyumba, balozi na treni, yanakupa mandhari yote unayohitaji.

Onyo. Usifungue onesho kwa sauti ya hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita. Watu wataipigia makofi, wataiitikia kwa kumbukumbu, na dakika kumi zitapita kabla hawajawatazama wapenzi wako. Tena rekodi za redio zina wenyewe.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Ni mwaka 1980, ni Mvumi, mapigano yamekwisha mwaka mzima, na Nyemo bado anamsubiri mchumba wake, Daudi."

## Hatua ya 2: Tafuta kinachowatenganisha sasa

Swali la kujibu ni hili: vita vimeisha, kwa nini wasikutane wakaishi? Kama jibu ni "kwa sababu mmoja amekufa", una msiba, na msiba hauhitaji dakika 75. Tafuta jibu ambalo watu wawili wanaopendana wanaweza kubishana nalo.

Katika mfano wetu, Daudi aliondoka akiwa mchumba. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa nusu. Zikaja habari za mdomo kwamba amekufa ng'ambo ya mto Kagera. Hakuna barua rasmi, hakuna kaburi. Mvua hazikunyesha vizuri, mtama ukakauka, baba wa Nyemo ana watoto wengine wa kulisha, na kaka mkubwa wa familia jirani amekuja na ng'ombe kamili. Nyemo anakubali. Daudi anarudi mwaka 1981.

Tazama kwamba hakuna mtu mbaya hapa. Baba ana hoja, Nyemo ana hoja, yule aliyeoa ana hoja. Ukijikuta unaandika baba katili au rafiki msaliti, futa. Mtu mbaya anakuokoa usiifikirie hali yenyewe, na watazamaji wenye umri, waliopitia miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, watajua umekwepa.

Kaa na wazee kabla hujaandika. Waulize mambo madogo: habari zilifika vipi, nani alisoma barua kwa asiyejua kusoma, aliyerudi alipokewa na chakula gani. Usiwabane kuhusu mapigano. Asiyetaka kusema, mshukuru na uondoke. Na usichukue kisa cha mtu ukakipandisha jukwaani kama kilivyo. Changanya, badilisha kijiji, badilisha kazi, asije akajitambua mbele ya majirani zake.

## Hatua ya 3: Andika hadithi kwa ukurasa mmoja, bila wimbo hata mmoja

Andika tukio baada ya tukio, nani anataka nini na nani anamzuia. Ukishamaliza, chukua kalamu nyekundu uweke alama pale ambapo mhusika hawezi tena kusema kwa maneno ya kawaida. Hapo ndipo wimbo unapoingia. Pengine pote waache waongee.

Kwa hadithi yetu, alama nyekundu ziliangukia sehemu tisa: stesheni ya Dodoma wakati wa kuondoka, barua ya kwanza, usiku ambao redio inatangaza ushindi, jirani anaporudi peke yake, habari za kifo, baba na ng'ombe, Daudi akiwa mlinzi Kampala, kurudi, na maagano ya mwisho. Nyimbo tisa kwa dakika 75 zinatosha. Vikundi vya kwaya huwa na hamu ya kuweka ishirini kwa sababu nyimbo zipo tayari kabatini. Zuia hamu hiyo. Wimbo wa kabatini ulitungwa kwa shida nyingine.

Sehemu ya stesheni iwe fupi kuliko zote, dakika tatu. Ukiirefusha, utakuwa umewamwagisha machozi watu kabla hawajajua wanamlilia nani.

## Hatua ya 4: Tunga nyimbo zinazofanya kazi

Hapa ndipo maigizo mengi yanapovunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kabla ya kutunga wimbo wowote, jaza sentensi hii: "Mwanzo wa wimbo mhusika anaamini ____, mwisho wa wimbo anaamini ____." Kama nafasi zote mbili zina jibu lilelile, wimbo huo ni mapambo. Utoe, hata kama ndio mtamu kuliko wote. Wimbo wa "nakupenda, nakukumbuka, nakupenda" unasimamisha hadithi kama gari lililozimika kwenye kivuko cha reli. Kila mtu nyuma yake anasubiri.

Mbinu rahisi na yenye nguvu ni kiitikio kinachorudi huku maneno machache yakibadilika. Katika mfano wetu kuna mtungi. Siku ya kuondoka, Nyemo anajaza maji mtungini na kusema hayo ni ya Daudi. Basi barua ya kwanza inapofika, anaimba:

*Rudi Daudi, urudi nyumbani,*
*maji yako yangali mtungini.*

Mapigano yamekwisha, jirani amerudi, Daudi hajaonekana:

*Wenzio, Daudi, wamo nyumbani,*
*maji yako machache mtungini.*

Na siku Daudi anaposimama mlangoni, Nyemo akiwa mke wa mtu:

*Karibu Daudi, keti mgeni,*
*si yako tena maji mtungini.*

Kila mstari una mizani 11, ndiyo maana sauti moja inabeba zote tatu. Watazamaji wameshaijua sauti hiyo. Inapoanza mara ya tatu, masikio yao yanategemea "rudi" na wanapokea "keti mgeni". Huna haja ya kumwambia mwigizaji alie. Mwambie aimbe kwa utulivu na amletee kata ya maji kama anavyoletewa mgeni yeyote. Kazi nyingine yote neno "mgeni" litaifanya.

Beti zibebe vitu vinavyoonekana. Daudi anaandika kwamba huko aliko mvua hunyesha mara kwa mara na ndizi zinajiotea zenyewe. Nyemo anasoma akiwa amesimama kwenye shamba la mtama lililokauka. Hapo umbali kati yao umeonekana bila neno "mbali" kutajwa.

Kwa mabishano, tumia ngonjera. Umbo hili lina kwao hapa: Mathias Mnyampala, aliyelikuza na kulieneza, alikuwa mtu wa Ugogo. Tukio la baba na ng'ombe linakaa vizuri sana ndani yake: baba atoe ubeti, binti ajibu, baba arudi, binti ajibu, kila ubeti ukikaza hoja. Ngoma ipige polepole chini yao. Ubeti wa mwisho wa binti uwe mfupi kuliko mingine, na ndio wa kukubali.

Andika noti kwa do-re-mi, kwa sababu ndiyo wanayoisoma wanakwaya wengi wa huku. Weka ufunguo ambao mwimbaji mkuu anaufikia akiwa amechoka, siyo ule anaoufikia asubuhi akiwa amekunywa chai. Akikwama juu mara mbili mfululizo, shusha ufunguo siku hiyohiyo.

Utajua nyimbo zimekaa sawa ukiwapa watu wasiojua hadithi maneno ya nyimbo peke yake, nao wakaweza kukuambia nini kilitokea.

## Hatua ya 5: Tumia muziki wa Ugogo kwa adabu na kwa akili

Huu ni utajiri ulio mlangoni petu, na inauma kuona vikundi vinauacha vikakimbilia midundo ya kompyuta. Uimbaji wa Kigogo wa sauti nyingi zinazopandana, kama msunyunho na nindo, unaweza kufanya kijiji kizima kisikike kwa watu kumi tu. Marimba na zeze vinaweza kumbeba mtu mmoja aliyebaki peke yake jukwaani. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alilithibitisha hilo mbele ya dunia. Na muheme, ngoma ya wanawake inayobanwa katikati ya mapaja, ina nguvu inayotetemesha kifua.

Mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, mpangilio wa noti za zeze na marimba za Kigogo haulingani na wa kinanda. Ukivipiga pamoja, mtu atasema kuna anayekosea, na hakuna anayekosea. Kwa hiyo gawa: nyimbo za kijijini ziende na zeze na marimba, za barua na Kampala ziende na kinanda au gitaa. Mgawanyo huu pia unamsaidia mtazamaji kujua yuko wapi bila kubadilisha mandhari.

Pili, ngoma na nyimbo nyingine zina asili katika jando na unyago, na zipo ambazo hazistahili kusikika na kila mtu. Waulize wazee wa kike kabla ya kuchukua chochote. Wakikataa, imekataliwa. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo linalokutanisha vikundi vya vijijini. Nenda ukasikilize na kuzungumza na wenye ujuzi, kisha uwalipe wanaokuja kukufundisha.

Tatu, muheme usiitumie kila mahali. Katika mfano wetu inasikika mara mbili tu: usiku wa ushindi, kwa furaha, na siku ya harusi ya Nyemo, mapigo yaleyale yakipigwa taratibu zaidi. Watu wataunganisha wenyewe.

## Hatua ya 6: Vibali, na suala la sare

Fanya hatua hii mapema, kabla hamjashona nguo.

Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako ukiwa na mswada mkononi. Michezo ya jukwaani inaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na vikundi vya sanaa vinasajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Yeye atakuelekeza uanzie wapi kwa hali yenu. Mkitumia wimbo wa mtu mwingine, hata ubeti mmoja, ombeni ruhusa. COSOTA ndiyo inayoshughulika na hakimiliki. Kwa mkusanyiko wa wazi, toeni taarifa polisi na serikali ya mtaa.

Sasa sare. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na JWTZ limelikumbusha hilo mara nyingi. Usikope kombati ya mjomba, usinunue ya mtumba, usiseme "ni ya kuigiza tu". Igizo letu halizihitaji hata kidogo, kwa sababu hatuoneshi mapigano yenyewe. Anayerudi anavaa suruali ya kaki isiyo na alama, shati jeupe lililofubaa, mkoba wa turubai begani. Wa kijijini wana khanga, vitenge, na katambuga za tairi. Mwache Daudi arudi na viatu vizuri, halafu amkute aliyeoa Nyemo ana katambuga. Hapo watu wataanza kumwonea huruma mume, na hicho ndicho unachokitaka.

Kadhalika fataki, baruti na bunduki bandia: hapana. Wapo watazamaji ambao mlio mmoja utawarudisha mahali wasipopenda kurudi. Ukitaka vita visikike, zima muziki wote ghafla, kundi zima lisimame bila kupumua kwa nguvu, hesabu hadi nane. Kimya hicho kinatosha. Mlangoni, mtu wenu awaambie wazee igizo linahusu nini, ili kila mmoja achague mwenyewe kuingia au kukaa karibu na njia ya kutokea.

## Hatua ya 7: Gawa wahusika

Usimchague mwenye sauti kubwa kuliko wote awe Nyemo. Chagua anayeweza kunyamaza jukwaani akasikiliza, maana nusu ya kazi ya Nyemo ni kupokea habari. Jaribio ni rahisi: mpe barua isiyo na kitu, mwambie aisome kimya kwa dakika moja. Kama watu chumbani wanataka kujua kilichoandikwa, umempata.

Daudi awe sauti ya tatu (ya juu ya wanaume), mume awe sauti ya nne (ya chini). Wakisimama pamoja mwishoni, zile sauti mbili zinakaa chini ya ya Nyemo bila kugombana. Wahusika wengine wagawe haraka na usibadilishe tena.

## Hatua ya 8: Mazoezi wiki kwa wiki

Wiki ya 1 na 2. Kusoma mswada mkiwa mmekaa. Nyimbo zisomwe kama mazungumzo, bila sauti ya muziki. Wanakwaya watalalamika. Endelea. Asiyeweza kuusema ubeti kwa maana hataweza kuuimba kwa maana.

Wiki ya 3 hadi ya 5. Nyimbo, kila sauti peke yake, kisha pamoja. Maneno yakishikwa, karatasi ziwekwe chini.

Wiki ya 6 na 7. Mwendo wa jukwaani. Mwimbaji awe na kazi ya mikono wakati anaimba: kuteka maji, kuanua khanga, kupepeta mtama. Mikono iliyonyooshwa mbele kama ya kwaya ya shindano inaua ukweli wa tukio papo hapo.

Wiki ya 8. Unganisheni matukio na wapigaji. Wiki hii huwa ngumu na watu hugombana. Ratiba iwe na nafasi.

Wiki ya 9. Igizo zima mara tatu, bila kusimama hata mtu akisahau. Anayeshika mswada aandike muda wa kila tukio. Igizo likizidi dakika 80, kata. Anza kukata mazungumzo yanayorudia kilichoimbwa.

Wiki ya 10. Mavazi, vitu na sauti, mahali penyewe pa onesho, saa ileile ya onesho.

Ishara nzuri ni hii: kundi likiwa limekaa pembeni linaanza kufuatilia hadithi badala ya kuchezea simu.

## Hatua ya 9: Mahali, saa na upepo

Mvua za Dodoma huanguka zaidi kati ya Desemba na Aprili. Kwenye ukumbi wenye bati bila dari, mvua moja ya Januari inazima sauti yote. Chagua Juni hadi Agosti, lakini jua kwamba unapokea upepo, vumbi na baridi ya jioni.

Ukiwa nje, panga jukwaa lipate kinga ya ukuta wa jengo nyuma yake, na maiki zifunikwe sponji. Bila hivyo, spika zitatoa ngurumo ya upepo na marimba haitasikika kabisa. Marimba na zeze ziwe na maiki karibu kiasi cha shubiri moja. Ngoma ziwekwe nyuma bila maiki. Khanga za kwenye kamba zibanwe kwa vibanio, vinginevyo zitaruka katikati ya maagano. Waimbaji wanywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi, kwa sababu hewa kavu na vumbi hukausha koo.

Kuhusu saa, kuna zawadi ya bure. Mwezi Julai jua la Dodoma huzama kwenye saa 12 na nusu jioni. Anza saa 11 na robo, na igizo la dakika 75 litafikia maagano ya Daudi na Nyemo mwanga ukiwa unaondoka wenyewe. Mnaokoa gharama ya taa, na hamtegemei umeme usikatike. Lakini lazima muanze kwa wakati. Mkichelewa nusu saa, mwisho wenu utachezwa gizani. Tangazeni saa 10 na nusu kwa watu.

## Hatua ya 10: Siku ya onesho, na siku inayofuata

Jaribuni sauti saa 8 mchana. Hakikisheni mtungi una maji kweli. Watazamaji wa mbele wanasikia yakimiminwa, na mtungi mtupu unajulikana. Jenereta iwashwe na kuzimwa mara moja kuthibitisha. Mwongozaji akae nyuma kabisa ya watu, asisimame pembeni mwa jukwaa akinong'ona maneno.

Maagano ya mwisho yasimalizike kwa kwaya nzima kuinua sauti. Daudi anarudisha kata, anachukua mkoba, anatoka upande ule alioingilia. Kundi libaki limekaa, kila mtu na kazi yake. Msiiname kuaga hadi kimya kipite. Makofi yakichelewa sekunde chache, igizo limefika.

Watu wakitoka, wawili wenu wasimame mlangoni wakisikiliza bila kuuliza. Mkisikia watu wanabishana kama Nyemo alifanya sawa, hamna cha kubadilisha kwenye hadithi. Mkisikia "mmeimba vizuri" peke yake, rudini hatua ya 4 na mchunguze kiitikio. Mkisikia "yule baba!", rudini hatua ya 2, kwa sababu mmemfanya mbaya bila kukusudia.

Kesho yake wote mkutane kwa saa moja. Anayeshika mswada asome muda wa kila tukio na mahali watu walipocheka, walipokohoa au walipotazama simu. Sahihisheni mswada mmoja tu, huo uwe wa asili, na nakala za zamani zikusanywe zote. Onesho la pili lifanyike ndani ya wiki mbili, likiwezekana nje ya mji, Mvumi, Bahi au Kongwa, na wazee wakae viti vya mbele.